Mikono Hufungua, Mazoezi Hujenga: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Tuina katika Utengamao

Wengi wenu mnaoingia katika fani ya tuina, yaani ukandaji wa tiba wa Kichina, mnavutwa na mikono. Mmemwona mwalimu akimkanda mgonjwa aliyefika akiwa amepinda upande mmoja, na baada ya muda mfupi mgonjwa huyo akashuka kitandani akiwa amenyooka, nanyi mkatamani kuwa na uwezo huo. Tamaa hiyo ni njema. Hata hivyo, nafuu inayoletwa na mikono peke yake haidumu, na katika utengamao, yaani kumrejeshea mgonjwa uwezo wa mwili wake, kazi kubwa ya kukanda ni kumwandaa mgonjwa afanye mazoezi ambayo kabla ya kukandwa asingeyaweza. Mtaalamu asiyefundisha mazoezi atampokea mgonjwa yule yule, kwa maumivu yale yale, mwezi baada ya mwezi, na mgonjwa huyo ataendelea kulipa bila kupona.

Wachina wenyewe hawakuvitenga vitu hivi viwili. Huangdi Neijing, kitabu cha msingi cha tiba yao ya kale, kinataja mazoezi ya daoyin (ya kujinyoosha na kuongoza pumzi) na ukandaji kwa pamoja, kama tiba ya watu wanaokula vyakula vya kila aina bila kufanya kazi za nguvu na ambao viungo vyao vimelegea. Katika kaburi la Mawangdui mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa katika miaka ya 1970, ilipatikana hariri yenye michoro ya watu 44, wanaume kwa wanawake, wakinyoosha mikono, wakiinama na kujipinda. Nayataja haya kwa sababu wapo wanafunzi wanaodhani kwamba mazoezi yameongezwa baadaye ili kuwaridhisha wataalamu wa fiziotherapia wa nchi za Magharibi, na dhana hiyo huwafanya wayafundishe nusu nusu.

Mtakapoanza masomo, hamtapewa mgonjwa. Mtapewa mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchele au mchanga, nanyi mtaukanda hadi kiganja kichoke. Usione kuwa ni kupoteza muda. Chukua mfano wa mbinu ya kuviringisha mkono, iitwayo gunfa, ambayo mtaalamu wa tuina Ding Jifu aliikuza mjini Shanghai katika miaka ya 1940. Upande wa kidole kidogo wa kisogo cha mkono (yaani nyuma ya kiganja) unaegemezwa kwenye mwili, kisha kifundo cha mkono kinakunjwa na kukunjuliwa ili kisogo hicho kiviringike mbele na nyuma, mara 120 hadi 160 kwa dakika. Bega la mkandaji limelegea, kiwiko kimekunjwa kiasi, na mahali mkono unapogusa hapatelezi hata kidogo. Mkono ukiteleza, ngozi inasuguliwa na misuli iliyo chini inabaki kama ilivyokuwa. Ndiyo maana kazi hii hufanywa juu ya nguo au shuka nyembamba, nasi tuliokulia katika desturi ya kuchuliwa kwa mafuta ya nazi hatuna budi kuizoea hali hiyo. Mafuta yana mahali pake, lakini katika gunfa yanaharibu mshiko.

Walimu husema kwamba mkono mzuri una sifa nne: unadumu, una nguvu, una mwendo sawa na ni laini. Sifa hizo zikikutana, ndipo mguso unapofika ndani bila kumwumiza mgonjwa. Wanaoanza hukimbilia nguvu, na mgonjwa anapokunja uso wao hudhani kwamba tiba inafanya kazi. Misuli inayoumizwa hujikaza ili kujilinda, na misuli iliyojikaza haiwezi kunyooshwa na zoezi linalofuata.

Ninyi wenyewe pia mnapaswa kuwa watu wa mazoezi. Katika vyuo vya China, mwanafunzi wa tuina husomeshwa Yijinjing na Shaolin Neigong, mazoezi ya kale ya kuimarisha mwili, kama sehemu ya mtaala, na hahesabiwi kuwa amekamilika kwa kukariri mbinu za mikono tu. Katika Shaolin Neigong, miguu inasimama imara, vidole vikiwa vimeushika udongo, huku mikono ikisukumwa polepole mbele, pembeni na juu, misuli ikiwa imekazwa na pumzi ikiendelea kutoka bila kuzuiwa. Zoezi hili humjengea mkandaji miguu, kiuno na mabega, na humwepusha na maumivu ya kidole gumba na mgongo yanayowafanya wengi waache kazi hii mapema. Lipo jambo jingine pia: mgonjwa anajua haraka kama anayemfundisha zoezi analifanya mwenyewe au amelisoma tu, kwa hiyo msifundishe mkao ambao miili yenu haiujui.

Nitakaa kidogo kwenye bega lililokakamaa, kwa kuwa ndipo uhusiano wa mikono na mazoezi unapoonekana waziwazi. Kwa kawaida mgonjwa ni mtu wa makamo, aghalabu kati ya miaka 40 na 60, na atakuambia kwamba hawezi kujifunga kanga, kuchana nywele, wala kufikisha mkono mgongoni. Kabla ya kumgusa, muulize kama ana kisukari, kwa maana ugonjwa huo huandamana sana na bega la aina hii na hulichelewesha kupona. Kisha pima. Mjongeo unaopotea zaidi ni ule wa kuzungusha mkono kwenda nje huku kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, kwa hiyo pima huo kwanza, andika nyuzi, ndipo upime kuinua mkono mbele na pembeni. Kama mgonjwa yumo katika kipindi cha mwanzo, ambapo maumivu humwamsha usiku, usilazimishe lolote. Kanda kwa upole shingo, mgongo wa juu na misuli inayolizunguka bega, mfundishe kuinama na kuuning'iniza mkono huku akiutikisa taratibu, kisha mruhusu aende.

Maumivu ya usiku yakishatulia na kubaki ukakamavu, kazi inabadilika. Mketishe mgonjwa, viringisha mkono wako mmoja juu ya misuli ya mbele ya bega, ya pembeni na ya nyuma, huku mkono wako wa pili ukiwa umeshika kiwiko chake na kuupeleka mkono wake polepole hadi mahali unapogoma. Kukanda na kuchezesha kiungo kwa wakati mmoja ndiko kunakoitambulisha njia hii. Baada ya dakika kumi au kumi na tano, malizia kwa kuupikicha mkono wake mgonjwa wote kati ya viganja vyako na kuutikisa taratibu, kisha pima tena. Mara nyingi utakuta mjongeo umeongezeka kidogo, na ongezeko hilo ndilo unalopaswa kulishughulikia papo hapo, kabla halijapotea. Msimamishe mbele ya ukuta apandishe vidole hadi afike juu kadiri awezavyo na aweke alama kwa chaki. Mpe kanga iliyokunjwa aishike nyuma ya mgongo, mkono mzima juu na mkono mgonjwa chini, avute taratibu. Kisha mfundishe mkao wa kwanza wa Baduanjin (mfululizo wa mazoezi ya taratibu ya Kichina), ule wa kuinua viganja viwili vilivyoshikana kana kwamba unabeba mbingu, kwa sababu mkono mzima huusaidia mkono mgonjwa kupanda na pumzi humzuia asifanye pupa. Mtaalamu anayemaliza kukanda kisha akamwambia mgonjwa avae viatu aende nyumbani ameiacha tiba katikati.

Kwa habari ya ushahidi, msiogope kuusoma, hata pale usipoipendeza fani yetu. Mwongozo wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wa mwaka 2019, unaohusu magoti na nyonga zilizosagika, unapendekeza Taijiquan (tai chi) kwa msisitizo mkubwa, na papo hapo unashauri, ingawa kwa masharti, dhidi ya kutegemea ukandaji. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu maradhi hayo hayo, inaruhusu tiba ya mikono iwapo tu inakwenda sambamba na mazoezi ya tiba, na ilikuwa imesema karibu jambo lile lile kuhusu maumivu ya mgongo mwaka 2016. Kutoka Shanghai, mwaka 2022, ulichapishwa utafiti wa watu 102 wenye maumivu sugu ya shingo. Nusu yao walifanyiwa tuina, na nusu nyingine walifanyiwa tuina wakaongezewa Yijinjing, kwa wiki 8, na waliochanganya ndio waliopungukiwa zaidi na maumivu. Utafiti mmoja haumalizi hoja, lakini yote haya yanaelekea upande mmoja, na mimi nayaona kuwa msaada kwetu, kwa sababu yanatutaka tufanye kile ambacho wazee wa fani hii walikuwa wakikifanya.

Katika kuchagua mazoezi, Baduanjin ndiyo ninayowashauri muanze nayo. Ina mikao 8, haihitaji kifaa, inaweza kufanywa hata ukiwa umekaa kitini, na ni miongoni mwa mazoezi manne ambayo mamlaka ya michezo ya China iliyasanifisha mwaka 2003, pamoja na Yijinjing, Wuqinxi na Liuzijue. Lakini mgonjwa hapewi mikao yote kwa sababu tu imo katika mfululizo. Mwenye maumivu ya shingo atafaidika na mkao wa nne, wa kugeuka taratibu kutazama nyuma. Mwenye magoti yaliyosagika anaweza kuufanya mkao wa pili, wa kuvuta upinde, lakini mkao wa farasi, yaani kusimama miguu ikiwa imetanuliwa na magoti yamekunjwa, uwe wa juu, magoti yakunjwe kidogo tu, na yaelekee upande wa vidole bila kuingia ndani. Mkao wa sita, wa kuinama hadi kushika miguu, usimpe mtu ambaye diski yake imetoka na maumivu yanashuka mguuni, wala bibi ambaye mifupa yake imedhoofika. Mkao wa mwisho, wa kupanda juu ya vidole na kushusha visigino kwa mshindo, mwondolee mshindo huyo bibi, na awe na kiti cha kushikilia. Kiasi cha zoezi kipimwe kwa maumivu yenyewe: mgonjwa akiyahesabu kutoka 0 hadi 10, yasizidi 3 au 4 wakati wa zoezi, na kufikia asubuhi inayofuata yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakiwa bado juu asubuhi, punguza.

Mgonjwa wa kiharusi anahitaji uangalifu wa namna yake. Bega la upande uliopooza mara nyingi huwa limelegea na kuteremka, kwa hiyo usimvute mkono unapomgeuza kitandani, wala usiwaache ndugu zake wamwinue kwa kumshika kwapani. Waonyeshe jinsi ya kumshika kwenye bega na nyonga. Mikono yako hapa hufanya kazi nyepesi ya kupunguza ukakamavu wa vidole na kiwiko, kisha haraka unahamia kwenye kukaa, kuhamishia uzito mguu mmoja hadi mwingine, na kusimama. Mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na maumivu kwenye shavu la mguu, usikandwe kabisa. Huenda pana damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuikanda kunaweza kuipeleka mapafuni. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Yapo mambo mengine ambayo hayana mjadala. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi ya sehemu za siri, au na mkojo kuziba au kutoka bila kujua, ni dharura ya upasuaji. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kwa mazingira yetu ya Afrika Mashariki, yakufanye ufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mgonjwa huyo asilazwe kifudifudi akabonyezwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akandwe kwa wepesi mno au asikandwe. Mbinu ya kuizungusha shingo kwa ghafla iacheni kabisa ninyi mnaoanza, kwa kuwa inaweza kuipasua mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, ilhali kukanda misuli na mazoezi ya taratibu vinatosha kwa wagonjwa walio wengi. Na kiwiko kilichoumia karibuni, hasa cha mtoto, kisichuliwe wala kuvutwa kwa nguvu, kwa sababu misuli iliyopondwa pale inaweza kugeuka mfupa na kukifunga kiwiko moja kwa moja. Najua kwamba nyumbani mtoto huyo amekwisha kupelekwa kwa fundi wa kukanda. Zungumzeni na mzazi kwa heshima, bila kumdharau fundi, lakini msilifiche jambo hilo.

Mtakapowahudumia watu wetu, mtakutana na mzee ambaye amekuja kukandwa tu. Msalimu, mwamkie ipasavyo, mkande vizuri, kisha mwambie, "Mzee wangu, hapa nimekusaidia mimi, sasa nataka nione wewe utajisaidiaje." Mpe zoezi moja, au mawili kwa wingi wake, alifanye mbele yako hadi ulione limekaa sawa, na ulifungamanishe na jambo ambalo tayari analifanya kila siku, kama vile baada ya sala ya alfajiri au kabla ya chai ya jioni. Mwenye magoti mpe kuinuka kitini bila kushika kwa mikono, na uhesabu anaweza mara ngapi katika sekunde 30. Siku atakayorudi, kabla hujanyoosha mkono kumgusa, mwombe akuonyeshe zoezi hilo na uhesabu upya, kisha uiandike namba hiyo kwenye faili lake karibu na ile ya mwanzo, ili naye aione. Idadi ya siku za kukandwa ipungue kadiri namba hiyo inavyopanda, na mwambie tangu siku ya kwanza kwamba hivyo ndivyo mnavyokusudia.