Nilichonga mbao ya gitaa langu kwa ajili ya pikapu isiyonifaa

Jumapili usiku, nikiwa nakunja waya baada ya onyesho, kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimekusanya laki tatu, nataka kubadilisha pikapu za gitaa langu niweke kali zaidi. Ninunue zipi?"

Pikapu ni kile kidude cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi, kinadaka mtetemo wake na kuupeleka kwenye ampu, yaani kikuza sauti. Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Neno lililonichoma ni "kali". Miaka saba iliyopita nililitamka neno hilohilo, nikaligharamia, na kovu lake bado liko kwenye mbao ya gitaa langu. Nimeamua kumjibu hapa, mbele ya wote, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka kile nilichokitaka mimi: sebene likianza, watu wa meza za nyuma wainue vichwa.

Mimi ni mpiga solo wa dansi. Nakung'uta kwa kidole gumba na cha shahada, situmii piki, kile kibanzi cha kukung'utia nyuzi. Gitaa langu ni nakala ya Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, iliyotengenezwa Korea, nililinunua mkononi kwa mwanamuziki aliyekuwa anastaafu. Lilikuja na pikapu tatu za koili moja moja, yaani kila moja ina fungu moja la waya uliozungushwa, mpangilio uleule ambao Fender waliutoa mwaka 1954. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi. Kila noti ilisimama peke yake, kama nilivyozoea kumsikia Mbaraka Mwinshehe kwenye redio ya marehemu baba.

Tatizo lilikuwa mvumo. Koili moja hudaka mtetemo wa nyuzi, lakini hudaka pia umeme unaozagaa hewani, na kumbi zetu nyingi zina taa za kila aina na nyaya zisizo na ethi, yaani waya wa ardhini. Usiku mmoja mwimbaji aliingia na wimbo wa polepole, gitaa langu likawa linavuma kuliko besi. Kiongozi wa bendi akanigeukia palepale jukwaani, akanionyesha kwa mkono nizime. Nilizima. Nilimaliza wimbo nimesimama nimeshika gitaa lisilotoa sauti, na mke wangu yuko meza ya tatu.

Baada ya hapo nilikesha wiki nzima kwenye simu. Nikasoma habari za Seth Lover, fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson ambaye mwaka 1955 alibuni hambaka: koili mbili ubavu kwa ubavu, moja imezungushwa kinyume na nyingine na sumaku yake imegeuzwa, hivyo mvumo unaoingia kwenye koili zote mbili hujifuta wenyewe, lakini sauti ya nyuzi hujumlishwa. Kufikia mwaka 1957 zilikuwa tayari kwenye gitaa lao la Les Paul. Uvumbuzi mzuri kabisa, na ningetafuta hambaka ya namna ile ya zamani, yenye waya wa kiasi, pengine leo nisingekuwa naandika haya.

Mimi nilitafuta yenye nguvu kuliko zote. Sumaku ya serameki, waya mwingi, laki nne na nusu pamoja na usafiri. Ilipofika haikuingia kwenye tundu la gitaa, kwa kuwa hambaka ni pana mara mbili ya koili moja. Nikalipeleka gitaa Keko, Dar es Salaam, kwa seremala wa makabati. Alipiga patasi, mimi nikammulikia kwa simu. Vipande vya mbao vilipokuwa vinaruka nilijisikia shujaa.

Mazoezini mvumo ulikwisha na sauti ikawa kubwa. Nilijivuna, sikatai. Kisha tukaingia studio. Sebene letu linakwenda mbio, noti zinafuatana kama mvua juu ya bati, na pale kwenye spika noti zangu zikawa zimeshikana kama uji. Fundi mitambo akapandisha trebo, yaani sauti za juu, akashusha, akapandisha tena. Hakusema kitu. Mwezi uliofuata nikiwa kwenye daladala wimbo ukapigwa redioni, solo likaanza, na vidole vile havikuwa vyangu. Walimwita mtu mwingine akalirudia, na hakuna hata mmoja wa bendi aliyeniambia. Nimewasamehe kwa maneno. Moyoni kazi bado inaendelea.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi redio wa mtaa wa Gerezani, ambaye hajawahi kupiga gitaa maishani mwake. Alipima pikapu yangu mpya kwa mita, ikasoma kilo-omu 15, kipimo cha ukinzani wa waya. Zile za zamani zilisoma 6 na kidogo. Akanieleza kwamba koili ikizidishiwa waya, nguvu huongezeka na sauti za juu hupotea, na hizo za juu ndizo zinazotenganisha noti moja na nyingine. Pikapu za nguvu zina wenyewe. DiMarzio, watengeneza pikapu, walipotoa ile yao ya Super Distortion mwaka 1972 walikuwa wanawapa watu wa rock kitu cha kuilazimisha ampu ikwaruze. Wao mkwaruzo ni chakula. Kwetu unaua sebene. Halafu akaonyesha poti, vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya sauti: zilikuwa bado zile za kilo-omu 250 za koili moja, ambazo humwaga trebo nyingi kuliko za 500 zinazowekwa kwenye hambaka. Nilikuwa nimeinyonga sauti mara mbili.

Lakini lililoniuma zaidi ni la mwisho. Pikapu ya kati ya gitaa langu imezungushwa kinyume, kama zilivyo nakala nyingi za siku hizi. Maana yake ukiweka swichi ya kuchagua pikapu kwenye nafasi ya pili au ya nne, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja kama hambaka na mvumo unakwisha. Dawa ya aibu yangu ilikuwa ndani ya gitaa tangu siku ya kwanza. Nilikuwa sijawahi kukaa nikaisikiliza swichi yangu mwenyewe.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wote mnaokusanya pesa: weka pesa chini kwanza. Chukua bisibisi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, yaani kile chuma cha mwisho shingoni, angalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na sumaku. Kwa koili moja anzia milimita mbili hivi, upande wa nyuzi nyembamba pungufu kidogo. Sumaku ikikaribia mno huvuta uzi, noti za juu shingoni zinatoka kama zina sauti mbili, na mtu analaumu gitaa. Shusha kidogo, sikiliza. Jirekodi kwa simu, sebene lako la kawaida, kila nafasi ya swichi. Usisikilize usiku huohuo, masikio yamechoka. Sikiliza asubuhi.

Na ujue mkono wako. Anayepiga kwa vidole anahitaji pikapu inayosema kila kitu, kwa sababu kidole ni laini. Anayepiga kwa piki nzito anaweza kuvumilia pikapu yenye kiza kidogo. Anayepiga rithimu tu, chap chap chap nyuma ya mwimbaji, mara nyingi hana haja ya kununua chochote. Vijana mnanunua sauti ya mtu mliyemwona YouTube, mtu anayepiga muziki mwingine, kwenye ampu nyingine. Mkono wake hauuzwi. Nalisema kwa ukali kwa kuwa mimi nililipia.

Leo kwenye tundu lile la Keko kuna hambaka ya sumaku ya alniko, kilo-omu 7 na nusu, poti za 500, na nimeishusha. Pikapu mbili nyingine ni zilezile zilizokuja na gitaa. Mwezi uliopita tulirekodi tena, fundi mitambo akaacha sauti yangu kama ilivyo, na solo ni langu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kijana wa Mwanza amenitumia picha. Pikapu zake zimepandishwa hadi zinakaribia kugusa nyuzi. Nimemwambia ashushe mizunguko miwili ya skrubu, kisha anitumie rekodi. Laki tatu bado iko mfukoni mwake.