LM393 inavuta tu, haisukumi

Kama uko hapa Unguja na unajitengenezea sakiti ya kukata betri ya sola ikishuka, au ya kuzima pampu tanki likijaa, komparata (aisii ya kulinganisha volti mbili) utakayouziwa ni LM393 au ndugu yake LM339. Ni nzuri na rahisi. Sakiti za aina hii ninazoletewa zina ugonjwa mmoja, nao uko kwenye pini ya kutolea.

Vitabuni komparata ni pembetatu: ingizo la chanya likilizidi la hasi, nje zinatoka volti 12, likizidiwa, sifuri. LM393 halisi haiko hivyo. Pini yake ya kutolea ni kolekta ya transista iliyoachwa wazi, inayojua kuvuta kuelekea graundi basi. Bila rizista ya kuipandisha hadi kwenye chanya, mita itakuonesha volti za ovyo ovyo, na utakimbilia Darajani kununua aisii nyingine ilhali uliyonayo ni nzima.

Na kuvuta kwenyewe kuna kiasi. Rilei ya volti 12 yenye koili ya ohm 400 inakula miliampea 30. Datashiti ya LM393 inakuhakikishia miliampea 6 tu, tena hizo zimepimwa pini ikiwa kwenye volti 1.5, ambayo si sifuri hata kidogo! Ukibaki kwenye miliampea 4, ikiwa haijapata joto, pini haitazidi volti 0.4. Hiyo miliampea 16 inayotajwa pembeni kuwa ya kawaida, mimi siihesabu.

Huko Paje, ndani ya banda la bati, wakati wa Kaskazi, rilei iligoma kuachia mchana. Usiku ikifanya kazi vizuri. Aliyeijenga aliweka rizista ya kupandishia ya kilo-ohm 1, yaani karibu miliampea 12, na bezi ya BC547, transista inayoiwasha rilei, ameiunga moja kwa moja kwenye pini. Joto likipanda pini haishuki vya kutosha, na transista nayo ikipata joto inafunguka kwa volti ndogo zaidi. Mita ilisoma 0.6 pale palipotakiwa kuzima.

Mimi naweka rizista ya 4.7k (kilo-ohm 4.7) ya kupandishia na 10k kuelekea bezi, na dayodi ya 1N4007 kinyume kwenye koili. Hata betri ikichajiwa hadi 14.4, pini inavuta miliampea 3 tu.

Hiyo 10k usiione ya ziada. Bezi ikiungwa moja kwa moja, pini haipandi zaidi ya volti 0.7, kwa hiyo rizista uliyoirudisha kutoka pini hiyo hadi ingizo la chanya ili rilei isitetemeke inakosa cha kurudisha. Ukiiweka hiyo 10k, pini inapanda hadi kama volti 8.4. Hesabu pengo lako la kuwaka na kuzima kwa namba hiyo, usitumie 12.