Maswali ya Wasomaji: Yule Mtu wa Darajani

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu kesi ya Delphi imeleta barua nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Kwa aliyeikosa: Delphi ni mji mdogo wa jimbo la Indiana, Marekani. Tarehe 13 Februari 2017 wasichana wawili, wa miaka 13 na 14, walishushwa kwenye njia ya matembezi karibu na daraja la zamani la reli, Monon High Bridge. Muda wa kuchukuliwa ulipofika hawakuonekana. Walitafutwa hadi usiku, na kesho yake mchana miili yao ikapatikana. Simu ya mmoja wao ilikuwa na video ya sekunde 43, ya saa nane na dakika 13 mchana, ambamo mwanamume anaonekana akija darajani, kichwa kainamisha, mikono mfukoni. Kwa miaka mitano na ushei hakuna aliyejua jina lake.

Picha ilikuwepo, sauti ilikuwepo, na watu chungu nzima walikuwa wakizichambua mitandaoni. Iweje ichukue miaka yote hiyo? – Msomaji, Morogoro

Kwa sababu jibu lilikaa kwenye faili muda wote huo, watu wakilitafuta usoni.

Siku chache baada ya mauaji, Richard Allen, mkazi wa Delphi aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa, alijitokeza mwenyewe. Alimweleza ofisa wa wanyamapori kwamba mchana ule alikuwa kwenye njia ile kati ya saa saba na nusu na saa tisa na nusu. Maelezo yakaandikwa, kisha yakapotea humohumo ofisini: jina la mtaa aliokuwa akiishi, Whiteman, liliingizwa kana kwamba ndilo jina lake la ukoo, na karatasi ikapigwa alama kwamba mtu huyu ameshamalizana na polisi. Septemba 2022 karani wa kujitolea aliyekuwa akipanga upya makaratasi ndiye aliyeiona. Tarehe 13 Oktoba Allen alihojiwa, nyumba ikapekuliwa na bastola ikachukuliwa. Tarehe 26 akakamatwa. Novemba 2024 jopo la raia 12 lilimtia hatiani, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 130. Alikata rufaa.

Angalieni picha ilipoanza kufaa. Ilipata kazi baada ya kupatikana mtu mwenye jina, aliyejiweka mwenyewe kwenye njia ile kwa saa ile, na aliyekiri kwamba alivaa jinzi na jaketi la bluu au jeusi. Kamera ya duka la jirani nayo ilikuwa imenasa gari jeusi linalofanana na lake saa saba na dakika 27. Tena ilikuwepo risasi ambayo haikufyatuliwa, ya kipimo cha .40, iliyookotwa katikati ya miili. Polisi waliinyamazia kwa miaka. Mtaalamu wa upande wa mashtaka alisema ilipita kwenye bastola ya Allen, mawakili wake wakapinga ushahidi huo kwa nguvu.

Wapelelezi wa mitandaoni walifuata njia ya kinyume. Walianza na uso, kisha wakaenda kutafuta mtu wa kuuvisha. Kofia, kidevu, mabega mapana: Indiana nzima wanaume wa namna hiyo wamejaa. Matokeo yake ni wanaume kadhaa wasiohusika kukuta picha zao zimebandikwa sambamba na ile ya darajani, mistari myekundu imechorwa puani na masikioni.

Mnachanganya "mshukiwa" na "mtuhumiwa". Hamuoni aibu? – Mwalimu mstaafu, Tanga

Shikamoo mwalimu. Tumekosa. Mshukiwa ni yule anayeshukiwa, hata kama jina halijulikani. Mtuhumiwa ameshatajwa kwa tuhuma. Mshtakiwa amefikishwa mahakamani. Na kabla ya yote hayo yupo anayetafutwa kwa mahojiano tu, ambaye anaweza kuwa shahidi. Delphi iliipitia ngazi hiyo pia: picha ilipotolewa tarehe 15 Februari, polisi walisema wanataka kuzungumza na mtu huyo, siku nne baadaye ndipo walipomwita mshukiwa. Walioisambaza hawakungoja hizo siku nne.

Kuna watu wanapima urefu wa mtu kwenye picha kwa kutumia kitu kilicho karibu naye. Hesabu hiyo inaaminika? – Msomaji, Nakuru

Hesabu ni sahihi. Tatizo ni vipimo vinavyoingizwa humo.

Tuseme kuna nguzo ya sentimita 120, na kwenye picha ina pikseli 60 (nukta ndogo zinazounda picha). Kila pikseli ni sentimita 2. Mtu ana pikseli 88, basi ana sentimita 176. Hapo watu wengi huweka kalamu chini wakashangilia. Sasa kuza picha utazame ukingo wa kiatu: ni ukungu. Huwezi kusema kwa uhakika kiatu kinaishia kwenye pikseli ipi, wala kofia inaanzia wapi. Ukikosea pikseli 2 tu kwa mtu na 2 kwa nguzo, jibu linaweza kuwa lolote kati ya sentimita 166 na 186. Umempima kila mtu mtaani kwenu.

Hapo bado umbali. Nguzo ikiwa mita 10 kutoka kwenye kamera na mtu akiwa mita 11, mtu wa sentimita 176 atasomeka 160. Kwa hiyo kipimo lazima kiwe palepale alipokanyaga, si nyuma yake wala mbele yake. Bado soli ya kiatu. Bado hatua: mtu anayetembea hupungua urefu kila miguu inapoachana, na darajani Monon yule mtu alikuwa akikanyaga taruma (ubao wa chini ya reli) moja hadi jingine, ameinama atazame pa kuweka mguu. FBI wenyewe walitoa makadirio ya upana wa sentimita 10: kati ya 168 na 178, uzito kilo 82 hadi 100. Mtu wa mtandaoni akikwambia "ni 173 kamili", muulize alipima wapi taruma.

Kazi inayowezekana ni ya kuondoa. Kama kipimo chako kinaishia 186, mtu wa sentimita 200 mtoe kwenye orodha. Kumthibitisha mtu wa 175, hapana.

Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazosafisha picha yenye ukungu. Kwa nini polisi wasizitumie tu? – Msomaji, Kampala

Programu haisafishi kitu, inabuni. Uso wenye upana wa pikseli 20 hauna kope wala kovu. Taarifa hizo hazikurekodiwa. Ukiiagiza itoe pikseli 200, itajaza nafasi kwa kile ilichojifunza kwenye nyuso za watu wengine. Ipe picha ileile mara tatu kwa programu tatu, utapata ndugu watatu wasiofanana. Kisha mtu anachukua mmoja wao na kumlinganisha na jirani yake!

Tahadhari nyingine kuhusu kamera za mlangoni usiku: nyingi humulika kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na chini ya mwanga huo baadhi ya nguo nyeusi hutokea kijivu au nyeupe kabisa. Ukisoma "alivaa jaketi jeupe" kutoka kwenye picha ya usiku isiyo na rangi, lifute.

Michoro miwili ya polisi haikufanana hata kidogo. Upi ulikuwa sahihi? – Msomaji, Mwanza

Mchoro wa Julai 2017 ulikuwa wa mwanamume wa makamo mwenye kofia. Ule wa Aprili 2019 wa kijana. Polisi walisema watu sasa wautazame wa pili. Ajabu ni kwamba huo "mpya" ulichorwa Februari 2017, kabla ya ule wa zamani kutangazwa. Kila mmoja ulitoka kwenye kumbukumbu ya shahidi aliyemwona mtu kwa muda mfupi, bila kujua kwamba kuna siku ataulizwa. Tumia mchoro kuamsha kumbukumbu: "aa, siku ile nilipishana na mtu." Usiuweke kando ya picha ya mtu ukapima.

Kwenye kundi letu la WhatsApp wametuma picha ya mtu na maandishi "huyu ndiye aliyemteka binti, sambaza". Niliisambaza. Nina kosa? – Msomaji, Dodoma

Ifute, na uwaandikie wote uliowatumia kwamba hujui ukweli wake. Fanya hivyo leo, kabla hujamaliza ukurasa huu.

Kisheria, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Utajitetea kwamba hukujua. Huenda ukasikilizwa, lakini mwenye picha bado anaweza kukufungulia madai ya kashfa. Na huku kwetu neno "mtekaji" likifika kijiweni kabla ya polisi, mtu hupigwa mawe kwanza na kuulizwa jina baadaye.

Boston ya Aprili 2013 inaonyesha ubaya wa jambo hili. FBI walitoa picha za washukiwa wawili wa milipuko ya mbio za marathoni, bila majina. Watu mtandaoni wakamchagua mwanafunzi aliyekuwa ametoweka mwezi mmoja kabla, kwa kuwa eti anafanana. Familia iliyokuwa ikiomba msaada wa kumtafuta mtoto wao ikaamkia matusi. Saa chache baadaye majina halisi yalitoka, na hayakuwa yake. Tarehe 23 mwili wake ulipatikana mtoni. Alikuwa ameshafariki kabla ya milipuko. Sababu ya kuchaguliwa kwake ni nyepesi ajabu: mtu aliyetoweka hayupo kusema "mimi siye".

Basi raia wa kawaida hana msaada wowote? – Msomaji, Muscat

Anao, na mara nyingi uko kwenye simu au gari lake mwenyewe. Mwaka 2021 msichana wa miaka 22 alitoweka akisafiri na mchumba wake kwa gari dogo jeupe la kulala ndani. Familia moja iliyokuwa safarini Wyoming, Marekani, ilikumbuka kwamba jioni ya tarehe 27 Agosti walipita eneo la Spread Creek wakiwa na kamera kwenye dashibodi. Wakarudia video zao, wakaliona gari limeegeshwa, wakapeleka FBI. Mwili ulipatikana eneo hilohilo tarehe 19 Septemba. Hawakumchambua mtu uso. Walijua walikuwa wapi, lini, na walikuwa na faili halisi.

Mdogo wangu hajarudi tangu juzi. Kamera ya duka jirani imeonyesha mtu akimfuata. Nifanye nini kwanza? – Msomaji, Dar es Salaam

Pole sana dada. Nenda kituoni leo. Usikubali kuambiwa usubiri saa 24. Chukua namba ya RB (wasomaji wa Kenya, namba ya OB), na kabla ya kuondoka omba usomewe jina, umri na namba yako ya simu kama vilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Mmeona Delphi herufi zinavyoweza kula miaka.

Halafu kimbilia dukani, maana video hujifuta. DVR (mashine inayohifadhi video za kamera) yenye diski ya terabaiti 1 na kamera nne zinazorekodi megabiti 2 kwa sekunde kila moja hujaa kwa siku 11 au 12, kisha huanza kuandika juu ya za mwanzo. Diski ikiwa ndogo, ni siku chache zaidi. Mwombe mwenye duka asiizime wala kuifungua.

Kabla ya kunakili, piga picha moja inayoonyesha saa ya DVR na saa ya simu yako kwa pamoja. DVR ikisema 19:42 na simu 19:31, andika "DVR iko mbele dakika 11". Saa hizo hukosea mno, hasa umeme unapokatika na betri ndogo ya ndani imekufa; nyingine hurudi hadi mwaka 2000. Bila picha hiyo, huwezi tena kulinganisha kamera ya duka hili na ya kituo cha mafuta kule mbele.

Nakili faili lenyewe kwenye flashi, kuanzia saa moja kabla ya tukio hadi saa moja baada yake, kamera zote, si ile moja tu iliyomwonyesha. Usirekodi kioo kwa simu. Usitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, itabanwa na kupoteza ubora; ikibidi, itume kama dokumenti. Toa nakala mbili, uandike nani alinakili, siku gani, saa ngapi. Na saa iandike kwa namna mbili, "saa moja na dakika 31 usiku (19:31)", kwa sababu kuna watu wataisoma "moja" wakafikiri ni 1:31.

Kwenye tangazo la kumtafuta weka picha ya karibuni, nguo, mahali na saa alipoonekana mara ya mwisho. Picha ya yule mtu aliyemfuata usiiweke; wape polisi. Na alama moja ya mdogo wako ifiche, iwe kovu au cheni ya mkononi. Namba yako ikishasambaa utapigiwa simu na watu wanaosema wako naye Chalinze, mtumie nauli tu. Usimtajie anayepiga alama hiyo. Mwambie aeleze mdogo wako alivyo, wewe nyamaza usikilize, na kabla ya shilingi yoyote kutoka, namba hiyo ipeleke kituoni pamoja na RB.