Deni la dukani, mwenyewe keshafariki
Mdogo wangu, unasema ulikopa mchele na sukari dukani Wete, Pemba, mzee mwenye duka akafariki, daftari halikuonekana na wanawe hawajui kitu. Unauliza kama umesalimika. Hujasalimika. Daftari lilikuwa la kumkumbusha yeye. Deni liko shingoni mwako. Pesa hizo sasa ni mirathi, mna fungu la mjane na la watoto, kwa hiyo usimtilie mkononi mmoja wao (hasa huyo swahibu yako) ukajiona umemaliza. Waeleze wote pamoja, au pitia Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, inayoshughulikia mirathi. Kuzitoa sadaka kwa niaba yake ilhali warithi wapo, hapana. Kama hazijatimia, anza na ulizonazo. Zilizobaki utamalizia ukiuza karafuu.