Kabla hujaingia hekalu la Misri ya kale: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaojiandaa kwenda Luxor na Aswan, pamoja na wachache waliokwisha kwenda wakarudi na dukuduku. Nimeyafupisha kidogo.

Tukirudi kutoka Umra tutapita Misri. Mume wangu amekubali hekalu moja tu, basi. Twende Karnak? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Dada yangu, Karnak, pale Luxor, ni kubwa mno kwa mtu wa hekalu moja. Ukumbi wake wa nguzo 134 unastahili kila sifa unayopewa, lakini pale mafarao walijenga, wakabomoa na kuongeza kwa karibu miaka 2,000. Mgeni hutoka ameduwaa, asijue hasa alichokiona. Nendeni Edfu, kwenye hekalu la Horus, mungu mwenye umbo la kipanga. Mji huo uko yapata kilomita 110 kusini mwa Luxor, njia ya kwenda Aswan. Treni husimama hapo na meli za watalii hutia nanga.

Ujenzi ulianza mwaka 237 KK, enzi ya Ptolemy III, ukakamilika mwaka 57 KK. Kwa hesabu za Misri hilo ni jengo changa, kwani piramidi kuu ya Giza ilikuwa tayari na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Wafalme waliolijenga walikuwa na asili ya Makedonia, lakini makuhani walishika mpango uleule wa kale, na paa lipo mpaka leo. Lango lenye urefu wa kama mita 36, ua, ukumbi wa nguzo, ukumbi wa pili, kisha patakatifu: kila kitu kimekaa mahali pake. Aliyeliona Edfu kwanza huweza kusimama kwenye magofu ya hekalu jingine lolote akajua palikuwa na nini.

Hekalu la Misri ni jengo kubwa namna ile, lakini chumba cha ndani kabisa ni kidogo na kina giza. Waumini walikaa wapi? (Mwalimu wa historia, Kisumu)

Hawakukaa popote, Mwalimu, na hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Tumezoea kanisa na msikiti, nyumba ambazo watu hukusanyika kuabudu. Hekalu la Misri lilikuwa makazi ya mungu mwenyewe, na makuhani walikuwa watumishi wa nyumbani mwake. Kila alfajiri kuhani alivunja lakiri ya udongo iliyofunga mlango wa patakatifu, akafukiza ubani, akaisafisha sanamu, akaivika nguo safi za kitani, akaipaka mafuta na kuiandalia chakula. Akimaliza alirudi kinyumenyume akifagia nyayo zake, kisha mlango ukafungwa. Pale Edfu bado kipo kijumba cha itale kilichohifadhi sanamu hiyo. Kimechongwa kutoka jiwe moja, na ni kikongwe kuliko hekalu lenyewe, maana kiliwekwa na farao Nectanebo II katika hekalu lililotangulia.

Ukitembea kutoka langoni kwenda ndani, angalia miguu yako na dari. Sakafu inapanda kidogo kidogo, dari inashuka, mwanga unapungua. Wamisri waliamini kwamba mwanzoni palikuwa na maji matupu, kisha kikaibuka kichuguu cha ardhi, na juu yake uhai ukaanza. Patakatifu ndicho kichuguu hicho. Nguzo za kumbini zimechongwa kama mafunjo na mayungiyungi kwa sababu unapita kwenye kinamasi cha siku ile ya kwanza. Kwa hiyo kila asubuhi kuhani alipofungua mlango, dunia ilianza upya, na waliamini kwa dhati kwamba siku kazi hiyo ikisimama, mpangilio wa ulimwengu ungevurugika. Ndiyo maana wafalme waliingia gharama ile yote.

Na watu wa kawaida je? Siku za sikukuu baadhi yao waliruhusiwa kufika uani, lakini zaidi walimsubiri mungu atoke. Alibebwa mabegani ndani ya mashua ndogo, amefunikwa kwa pazia, na watu wakamiminika njiani. Kila mwaka mungu wa kike Hathor aliletwa kwa mto kutoka hekalu lake la Dendera, zaidi ya kilomita 150, aje kukaa na Horus Edfu kwa takriban wiki mbili, na miji ya kando ya Nile ilisherehekea. Chakula kilichowekwa mbele ya sanamu hakikutupwa, kiligawiwa makuhani na wafanyakazi. Hekalu lilikuwa pia ghala, karakana na mwajiri. Hati moja ya enzi ya Ramesses III inayataja mali ya mungu Amun wa Karnak: watu zaidi ya 81,000, mifugo zaidi ya 421,000, na merikebu 83. Wanafunzi wako wakikuuliza nani alikuwa tajiri Misri, waanzishie hapo.

Picha nyingi ukutani zimekwanguliwa nyuso na mikono. Ni wezi? (Msomaji, Dodoma)

Si wezi. Mwanzoni mwa miaka ya 390 BK mfalme wa Roma, Theodosius, alipiga marufuku ibada za kale, na Wakristo wa kwanza wa Misri wakayageuzia mahekalu tindo. Walilenga nyuso, mikono na miguu kwa makusudi. Katika imani ya Wamisri picha iliyochongwa iliweza kuishi, kwa hiyo ukiondoa macho na miguu umeizuia isione wala isitembee. Waliovunja waliijua vizuri imani waliyoivunja. Masizi kwenye dari ya Edfu yanatokana na mioto iliyowashwa humo ndani. Baadaye mchanga na tope la mto vililizika hekalu karibu lote, wanakijiji wakajenga nyumba juu ya paa, hadi Auguste Mariette, Mfaransa, alipoanza kulifukua mwaka 1860. Kuzikwa huko ndiko kulikoliokoa.

Nimesoma kwamba nchi ya Punt iliyochorwa kwenye hekalu la Hatshepsut ni pwani yetu. Kweli? (Kijana wa Kilwa)

Ningependa iwe kweli, mwanangu, lakini ushahidi unaelekea kaskazini zaidi. Hatshepsut, farao mwanamke, alitawala takriban 1479 hadi 1458 KK. Katika hekalu lake la Deir el-Bahari, ng'ambo ya mto kutoka Luxor, zimechorwa merikebu tano zikipakia manemane, miti yake ikiwa na mizizi vikapuni, pamoja na mpingo, pembe za ndovu na nyani. Nyumba za Punt zimeinuliwa juu ya miti, mtu hupanda kwa ngazi. Kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, mahali paitwapo Wadi Gawasis, wachimbuzi wamekuta kamba, mbao za merikebu na masanduku yenye jina la Punt. Nyani waliokaushwa waliokutwa Misri nao wamepimwa kikemia, na vipimo vinaelekeza Eritrea, Ethiopia na Somalia.

Uhusiano wetu wa hakika ni wa baadaye, na ni mzuri vilevile. Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa mabaharia, akautaja mwambao wa Azania, yaani pwani yetu, na soko lake la Rhapta lenye pembe za ndovu na magamba ya kasa. Karne hiyohiyo mafundi walikuwa bado wanachonga kuta za hekalu la Hathor kule Dendera. Pwani yetu na mahekalu yale vilikutana katika wakati mmoja, na hilo halihitaji kutiwa chumvi.

Naona uzito kuingia nyumba ya masanamu. Unanishauri nini? (Mwislamu, Zanzibar)

Hukumu ya dini muulize sheikh wako. Ninachoweza kukuambia ni kwamba Kurani yenyewe inahimiza watu watembee katika ardhi, watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Ukifika hekalu la Luxor utauona msikiti wa Abu Haggag ndani yake, na unaswaliwa hadi leo. Ulijengwa hekalu likiwa limezikwa, ndiyo maana mlango wake wa zamani unaning'inia mita kadhaa juu ya sakafu iliyofukuliwa. Kabla ya msikiti palikuwa na kanisa. Watu wameinamisha vichwa mahali hapo kwa zaidi ya miaka 3,000, kila kizazi kwa imani yake.

Mahekalu ya Abu Simbel na Philae yalihamishwa. Bado yana thamani? (Msomaji, Muscat)

Yana thamani kubwa. Mawe ni yaleyale. Abu Simbel lilikatwa vipande kati ya 1964 na 1968 likapandishwa kama mita 65 kulikimbia ziwa la Bwawa Kuu la Aswan, na jua bado huingia hadi ndani kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 22 Februari na 22 Oktoba. Philae sasa liko kisiwa cha Agilkia. Humo ndimo yalimoandikwa maandishi ya mwisho ya hieroglifi yanayojulikana, tarehe 24 Agosti 394. Lakini ukitazama maji yale, wakumbuke Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri waliohamishwa vijiji vyao vikazama. Dunia ilichangia kuokoa mawe kwa bidii kuliko ilivyowahangaikia wao, na jambo hilo linaniuma.

Nimepata likizo Julai tu. Nitavumilia? (Nesi, Nakuru)

Utavumilia ukiamka mapema. Joto huko hupita nyuzi 40, kwa hiyo uwe langoni linapofunguliwa asubuhi. Vaa kofia na beba maji. Kuanzia Oktoba hadi Aprili hali ni nzuri zaidi. Edfu utapewa gari la farasi kutoka bandarini. Patana bei kabla hujapanda. Weka noti ndogo za bakshishi, maana walinzi watataka kukuonyesha kona fulani, na mara nyingine kona hiyo inafaa kweli. Kuta usizishike wala usiziegemee, kwani jasho na mafuta ya mikono hula michoro. Ukiwa nje, tazama michoro iliyozamishwa ndani ya jiwe ili jua kali liitie kivuli. Ndani, kwenye giza, mingi imechongwa ikitokeza juu, na taa ya simu ukiishika ubavuni mwa ukuta itakuonyesha hata manyoya ya kipanga.