Usifunge kibanda kabla hamjakaa na daftari

Dada yangu, umeuliza kama ni ubinafsi kukataa kufunga kibanda chako cha mboga huko Kayole, kwa kuwa mume wako amepata kazi ya kudumu na ameahidi kukupa pesa za matumizi kila mwezi. Kwa maoni yangu si ubinafsi hata kidogo.

Pesa zilizo mkononi mwa mama hazitumiki sawa na zile anazolazimika kuziomba. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uingereza ilihamisha malipo ya serikali ya kusaidia kulea watoto ili yamfikie mama badala ya kupitia mshahara wa baba, na watafiti Lundberg, Pollak na Wales wakaonyesha mwaka 1997 kwamba matumizi ya nguo za watoto na za wanawake yaliongezeka yakilinganishwa na yale ya nguo za wanaume. Nawe umesema kwamba sukuma wiki unayoikatakata jioni ndiyo iliyomnunulia kifungua mimba wako sweta ya shule muhula uliopita, bila kusubiri mwisho wa mwezi.

Zungumza naye kwa upole, kwani huenda anachokiona ni uchovu wako tu, na uchovu huo ni wa kweli. Mwonyeshe daftari la mauzo, mkubaliane nani atalipa kodi na nani karo. Ikibidi kupunguza kazi, funga asubuhi ubakize saa za jioni, wateja wanaposhuka matatu, na mchango wa chama chenu cha akiba usiukatize.