Ufito wa uta: angalia nyuzi kabla ya jina la mti

Uta wangu wa kwanza niliuvuta mara mbili tu. Nilikuwa nimenunua ubao wa mgrevilea hapa Moshi, umepigwa randa vizuri, nikauchonga jioni tatu mfululizo. Mara ya pili ulilia "ta!" na kipande kikanipita karibu na sikio. Nilipookota vipande nikaona kosa: msumeno ulikuwa umekata nyuzi za mti mshazari, zikaanzia mgongoni mwa uta na kutokezea ubavuni kabla ya kufika nchani. Ufa ulifuata njia hiyohiyo.

Mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, ndio unaotanuka kwa nguvu uta unapovutwa, na tumbo, yaani upande unaokutazama wewe, linabanwa. Nyuzi za mgongoni zikikatika, hakuna mti utakaokuvumilia. Ndiyo maana siku hizi sinunui ubao. Natafuta ufito mzima, unene wa sentimita 5 hadi 7, urefu wa 150 hadi 160, kisha nabandua gome tu na kuuacha mgongo kama ulivyoota. Kuchonga kote nafanya upande wa tumbo.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanatumia mkole, na kwa kweli mkole ni mti wa uta: mgumu, unapinda na kurudi. Unaota nyika, huku chini kwenye joto. Kama unaishi juu mlimani kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, usihangaike, tafuta mpera. Watoto wote waliowahi kukata panda ya manati wanajua ulivyo mkaidi kuvunjika. Matawi yake ya kawaida yamepinda mno, lakini kisiki kikikatwa kinachipua, na machipukizi yanayogombania mwanga hupanda wima. Mpingo niliuacha. Ni mzito, na mabawa ya uta, yaani pande zake mbili zinazopinda, yanatakiwa mepesi ili yarudi kwa kasi.

Namna ya kuchagua nilifundishwa na mzee jirani yetu. Nilimwamkia, nikamwomba chipukizi kwenye mpera wake, nikaushika ulionyooka kuliko yote. Akanizuia panga. "Soma gome kwanza, mjukuu wangu." Nikapitisha kidole: mistari ilikuwa inauzunguka mti kama kamba iliyosokotwa. "Huo utakugeukia mkononi, Meku wako nakwambia." Meku ni mzee kwa Kichaga. Tukachukua wa pembeni, mwembamba kidogo, mistari yake imeshuka wima toka juu hadi chini, na kifundo kimoja tu karibu na mahali pa kushika, ambapo hapapindi.

Usiende kukata msituni. Tangu 2005 msitu wa Kilimanjaro umo ndani ya hifadhi ya taifa. Omba kwa jirani.

Ukishakata, paka ncha zote mbili rangi au nta ya mshumaa siku hiyohiyo, la sivyo unyevu utatoka kwa huko haraka na nyufa zitaingia ndani. Weka kivulini, ndani ya nyumba, kamwe si juani. Na usiuvute ukiwa mbichi, utabaki umepinda.

Kujua kama umekauka, mimi napeleka ufito dukani kila Jumamosi, muuzaji ananipimia kwenye mzani wa mchele, naandika gramu kwa penseli kwenye mti wenyewe. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu mfululizo, naanza kuchonga. Nilionao sasa una namba sita. Juzi ulipungua gramu 20, basi nikaurudisha darini.